Kuhamisha seva kutoka Kenyatta Road hadi Buhongwa: kuizima usiku mmoja, kutanguliza mashine ya pili, au kukodi wingu?

Mwanzisha mada
Wadau, salaam. Ofisi yetu inauza dawa na vifaa tiba kwa jumla, na mwishoni mwa mwezi ujao tunahama kutoka Kenyatta Road, katikati ya jiji la Mwanza, kwenda Buhongwa. Seva yetu ni moja tu, inabeba kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu) ya stoo na mauzo pamoja na barua pepe, na wateja wa Sengerema, Geita na Ukerewe huagiza kupitia mtandao hadi Jumamosi jioni. Ninapima njia tatu: kuizima Jumamosi baada ya kufunga hesabu na kuiwasha Buhongwa Jumapili, kutanguliza mashine nyingine huko, ipokee kila muamala unaoingia, kisha watumiaji waelekezwe kwake, au kukodi seva ya wingu, yaani ya kampuni nyingine inayofikiwa kwa intaneti, kwa mwezi mmoja. Mkurugenzi anaipenda ya kwanza kwa kuwa haina gharama. Naomba tuzilinganishe kwa hoja.

Fundi wa Kirumba
Ndugu, njia ya kwanza haina gharama iwapo tu seva itawaka. Mashine iliyofanya kazi miaka mingi bila kuzimwa huficha maradhi yake, kwa sababu diski za kuzunguka zilizochakaa huweza kuendelea na kazi zikiwa na moto, lakini zikishapoa hazianzi tena. Pawasapulai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya seva, nayo ina tabia hiyo hiyo. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiwa imekwisha, seva huamka ikiwa imepoteza saa. Na kama watumiaji wenu huingia kupitia domeni ya Windows (mfumo wa pamoja wa kuthibitisha watumiaji), saa ikitofautiana kwa zaidi ya dakika 5 watakataliwa kwa mpangilio wa kawaida, nanyi mtahangaika na nyaya zisizo na kosa lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia gari, izime na kuiwasha hapo hapo ilipo, mapema, mkiwa na chelezo (nakala ya akiba) kamili mkononi. Kama kuna diski inayotaka kufa, ni heri ife wakati bado mna nafasi ya kununua nyingine.

Msimamizi wa kanzidata, Nyegezi
Ninaunga mkono njia ya pili, kwa sababu kwayo muda wa kusimama hautegemei usalama wa seva iliyoko njiani. Programu za kanzidata kama PostgreSQL na MySQL zote zinaweza kupeleka mabadiliko kwenye mashine ya pili mfululizo, na siku ya kuhama mnasimamisha mauzo, mnahakikisha muamala wa mwisho umefika, kisha mnaipandisha ya Buhongwa kuwa kuu.

Hata hivyo, nakala hai si chelezo: mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya hapa, linafutika na kule. Chelezo ya kawaida ibaki, na irejeshwe kwa majaribio kwenye mashine tofauti, kwani faili ambalo halijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Jambo jingine, seva ya zamani izuiwe kabisa kupokea maagizo kabla ya mpya kupandishwa. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo mashine zote mbili zilipokea mauzo kwa saa chache, na kulinganisha idadi ya bidhaa stoo kulichukua muda mrefu kuliko uhamisho wenyewe.

Mdau wa Ilemela
Niseme kuhusu wingu, maana mimi ndiye huwa nalipendekeza. Kama mna gigabaiti 400 na faiba inapandisha megabiti 20 kwa sekunde, kuzipeleka tu kunahitaji zaidi ya saa 44 hata laini isipoyumba, na baada ya mwezi mtazirudisha. Aidha, kama seva hiyo iko nje ya nchi na kanzidata ina taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kuzisafirisha. Kwa mwezi mmoja, sioni faida.

Njia yoyote mtakayochagua, anwani ya IP ikibadilika, shusheni mapema TTL ya DNS, yaani muda ambao kompyuta za wateja hukumbuka anwani ya seva kabla ya kuiuliza upya. Kama sasa ni sekunde 86400, ipunguzeni hadi 300 angalau siku moja kabla, vinginevyo baadhi ya wateja wataendelea kupelekwa Kenyatta Road siku nzima. Barua pepe zisiwatie hofu, kwa sababu seva za watumaji kwa kawaida hurudia kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Maagizo ya dawa hayana subira hiyo.

Mhasibu wa duka la jumla, Nyakato
Wekeni saa ya mwisho ya kuamua. Kwa mfano, mfumo usipokaa sawa hadi Jumapili saa kumi alasiri, mnarudi kwenye seva ya zamani bila mabishano. Andaeni pia vitabu vya hati za kupokelea mzigo, vyenye nafasi ya namba ya toleo na tarehe ya kuisha dawa, ili Jumatatu mteja asirudi mikono mitupu.

Fundi wa Kirumba
Kuhusu usafirishaji: pigeni picha nyaya zote, andikeni namba ya nafasi kwenye kila diski, kisha zichomolewe na kubebwa peke yake kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli. Kuna kontrola (kadi za kusimamia diski) zinazotambua diski hata mpangilio ukivurugika, lakini msizitegemee. Seva ilazwe juu ya sponji kwenye kiti cha nyuma, si kwenye bodi la pikapu. Betri za UPS (kifaa cha umeme wa akiba) zikatwe kabla ya kunyanyuliwa. Faiba, jenereta na nyaya za kupeleka umeme ardhini (earth) za Buhongwa zipimwe wiki iliyotangulia.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana. Nitapeleka kwa mkurugenzi pendekezo la njia ya pili, kwa kutumia kompyuta ya mezani iliyopo stoo kama mashine ya kutangulia, hivyo gharama itakuwa diski mbili mpya. Jaribio la kuzima na kuwasha tutalifanya Jumamosi hii baada ya kufunga hesabu, na nitaandika hapa matokeo yake.