Man U: tuiombee Europa, au bora tukose ili timu ijengwe?

Roho_Mkononi

Wakuu, heshima kwenu. Sijaja kulia leo, nimekuja kuuliza, ingawa najua kuna watakaosema ni yale yale.

Alhamisi hii, Aprili 17, 2025, tumewapiga Lyon 5-4 kwenye Europa, kombe la pili kwa ukubwa Ulaya. Jumapili, pale pale Old Trafford, tukafungwa na Wolves 1-0. Siku tatu tu zimepita. Sarabia ametoka benchi, hata jasho halijamtoka, akapewa mpira wa adhabu, akauzungusha, wavuni. Mechi imeisha hapo. Na hao Wolves wametufunga nje ndani msimu huu. Ile ya kwao ya Desemba 26, Cunha alitufunga kwa kona. Si kichwa kilichotokana na kona, hapana, kona yenyewe. Mtu anapiga kona, mpira unakwenda moja kwa moja golini, sisi tunatazamana kama wageni msibani.

Msimamo wa ligi siku hizi nausoma kuanzia chini, ndiyo njia ya mkato ya kutufikia. Nafasi ya 14, mechi 33, pointi 38, tumepoteza 15. Mabao tuliyofunga ni 38, tuliyofungwa 46. Hatushuki, hilo nalijua; Southampton na Leicester wameshashuka, na Ipswich hata wakishinda zote zilizobaki hawatufikii. Lakini jamani, tangu lini shabiki wa Man U akapiga hesabu za Ipswich?

Sasa niwaambie kuhusu ile Alhamisi, maana ndiyo iliyonileta hapa. Tumeongoza 2-0, nikaanza kuwatumia watu meseji za kejeli. Zikarudi mbili, 2-2. Tolisso kala nyekundu, wamebaki kumi, nikasema kazi imekwisha. Dakika za nyongeza, wale wale kumi wakatufunga mbili tena, Cherki na penalti ya Lacazette. Mke wangu kaniambia zima TV ulale, kesho kazini. Ningezima. Ila rimoti ilikuwa chini ya mtoto, kalala juu yake kwenye kochi, nikaogopa kumwamsha. Bruno akafunga penalti, sikushangilia. Mainoo akasawazisha dakika ya 120, nikasimama. Halafu Casemiro akainua ule mpira, Maguire, beki aliyegeuzwa straika kwa kukosa mwingine, akapiga kichwa. Mtoto akaamka kwa kelele zangu, akauliza, "Baba, tumechukua kombe?" Nikamwambia hapana, hii robo fainali.

Kinachonisumbua ni hiki. Europa hatujafungwa hata mechi moja. Porto tulisawazisha dakika za mwisho kabisa, Maguire huyo huyo. Plzen, straika wetu Højlund alituokoa dakika ya 88. Rangers, Bruno dakika za majeruhi. Ukitazama Ulaya tu utasema hii timu ina roho. Ukitazama ligi unajiuliza kama wanajuana majina. Sasa tuna nusu fainali na Athletic Club, na fainali inachezwa uwanjani kwao, San Mamés, kule Bilbao. Bingwa anakwenda Ligi ya Mabingwa. Nafasi ya 14 na Ligi ya Mabingwa, mwaka mmoja! Nataka, lakini naogopa kutaka. 2017 tulimaliza ligi nafasi ya sita, tukachukua Europa kwa kuwafunga Ajax 2-0, tukaambiwa tumerudi. Tulirudi wapi?

Kwa hiyo nauliza: tuiombee hii Europa, au bora tukose, wakubwa waone aibu, timu ijengwe upya? Jibuni kwa hoja. Na mashabiki wa Liverpool mliobakiza pointi tatu kufika makombe 20 ya ligi kama yetu, leo naomba mpite kimya.

---

KiungoMkabaji

Mkuu pole. Nakujibu, ila hutalipenda jibu.

Roho unayoiona Ulaya ni nafasi tu. Lyon walikuja kucheza. Tulipowafunga mbili ikabidi wafunguke, na timu ikifunguka sisi tunakuwa na maisha. Wolves hawakuja kucheza na sisi, walikuja kutusubiri tujikwae. Kwenye 3-4-3 ya kocha wetu Amorim, yaani mabeki watatu nyuma, timu inayokusubiri unaifungua kwa wale wawili wanaocheza nyuma ya straika. Hao wawili tunao? Amad kaumia kifundo tangu Februari. Zirkzee kaumia msuli wa paja pale Newcastle, inasemekana msimu kwake umeisha. Anabaki Bruno, na Bruno kila dakika kumi anarudi kati kuchukua mpira mwenyewe, maana viungo wawili wanazidiwa idadi na hakuna anayeupandisha. Bruno akishuka, mbele hakuna mtu. Højlund watu wanamtukana bure. Ndiyo, alikaa mechi 21 bila bao mpaka alipowafunga Leicester mwezi Machi, lakini nitajieni krosi tano za maana alizopelekewa.

Halafu kikosi hiki kilisajiliwa kwa ajili ya mabeki wanne. Kocha kaja Novemba, katikati ya msimu, mechi kila siku ya tatu, mazoezi ya kufundisha mfumo mpya anayapatia wapi? Kumbukeni Chelsea. Msimu wa 2015/16 walimaliza nafasi ya 10. Conte akaja, akapigwa 3-0 na Arsenal, akahamia mabeki watatu, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na ubingwa akachukua. Mwaka ule Chelsea hawakuwa na Ulaya. Wiki nzima wako kwenye mazoezi.

Kwa hiyo jibu langu: bora tukose. Mwaka mmoja bila mechi za Ulaya za Alhamisi wala Jumanne, kocha afundishe.

---

BintiMwekundu

Kaka KiungoMkabaji, kwenye mpira nakuheshimu, ila hapo umeongea kama mtu asiyewahi kukaa na njaa ya kombe.

Baba yangu kaanza kuipenda timu hii miaka ya themanini, ndiye aliyenisimulia. Ferguson alifika Novemba 1986. Misimu mitatu ikapita mikavu. Ule wa nne ndio ukawa mbaya kuliko yote, Septemba 1989 City wakatupiga 5-1, na ligi tukamaliza nafasi ya 13. Ya 13! Tofauti na leo ni ngazi moja. Lakini Mei 1990 tukachukua Kombe la FA mbele ya Crystal Palace, mechi ya marudiano, bao la Lee Martin, beki wa kushoto. Mwaka uliofuata tukaenda Rotterdam, Hughes akawafunga Barcelona mbili, tukabeba Kombe la Washindi. Ligi ikaja 1993. Baba anasema kabla ya kombe lile la 1990 wachezaji walikuwa wanacheza wakiogopa watazamaji wao wenyewe. Sasa mniambie, kuna shabiki aliyekuwa anaomba tukose ili tujengwe?

Na huo usajili mnaousubiri, straika wa maana atakuja kufanya nini timu ya 14 isiyocheza Ulaya? Mimi naitaka Europa kwa mikono miwili. FA tulikuwa mabingwa watetezi, Fulham wakatutoa kwa penalti. Kombe la ligi Spurs walitutoa. Limebaki hili. Eti tulikose kwa makusudi, hii ni akili gani?

---

Mtani_wa_Anfield

Nimeombwa nipite kimya. Nimejaribu.

Sitacheka leo, nitacheka wiki ijayo tukishamaliza kazi. Leo nawaletea habari ya kwetu Liverpool, mchukue mkitaka. Kocha Klopp alikuja Oktoba 2015, katikati ya msimu, kikosi si chake. Ligi tukamaliza nafasi ya nane. Europa tukawa moto: tukawatoa nyie, halafu Dortmund pale Anfield wakawa wanaongoza 3-1, tukamaliza 4-3, Lovren, beki, kichwa, dakika za majeruhi. Mnaona ninachokiona? Ile Lyon yenu niliitazama mpaka mwisho, na nikajisikia vibaya kwamba naifurahia.

Tulifika fainali Basel, tukaongoza, Sevilla wakatupiga 3-1. Nililia, sifichi. Msimu uliofuata hatukuwa na Ulaya kabisa, tukamaliza nafasi ya nne. Mwaka uliofuata tena, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Uliofuata, kombe lenyewe.

Kwa hiyo KiungoMkabaji ana hoja. Ila zingatieni jambo moja mnalolipita: katikati hapo walisajiliwa Mané, Wijnaldum, Salah, Van Dijk, Alisson. Hakuna aliyejengwa na huzuni. Kuna mtu alikuwa anajua anachonunua.

---

Roho_Mkononi

Mtani, nimekukataza na umekuja, na kibaya zaidi umesema la maana. Nitalikumbuka hili siku mkifungwa.

KiungoMkabaji, hoja ya mfumo nimeielewa, na ya Højlund nakubali asilimia mia. Ila hiyo ya "tukose tujengwe" naanza kuitilia shaka, na aliyenifumbua macho ni huyu mtani. Sisi tumeshawahi kukosa. Fainali ya 2021 na Villarreal, penalti 11-10, mpaka makipa wakapiga, De Gea akakosa. Tukaumia vizuri tu. Aibu ilikuwepo ya kutosha nchi nzima. Tukajengwa? Walikuja Varane, Sancho na Ronaldo, Novemba kocha Solskjær akafukuzwa, tukamaliza nafasi ya sita. Ten Hag naye, Mei 2024 katoka kuwafunga City fainali ya FA, Oktoba kaondoka. Tumeshinda tukabaki pale pale, tumekosa tukabaki pale pale.

Basi kama ni hivyo, nataka kombe. Heri kutojengwa ukiwa na kombe kabatini.

Dada BintiMwekundu, msalimie sana mzee. Muulize kama mwaka ule wa 1989 alikuwa anazima redio katikati ya mechi, maana mimi Jumapili niliondoka dakika ya 77, nikaenda kuosha gari. Gari lilikuwa safi.

Na sasa nina ombi kwa Amorim kama anasoma humu (hasomi): Bournemouth tarehe 27 apeleke watoto. Amass, Fredricson, Obi, wote waanze. Ligi hatuna cha kutafuta, nafasi ya 14 na ya 16 ni mlango mmoja. Bruno akae nyumbani anyooshe miguu, Mei 1 tuko Bilbao.

---

KiungoMkabaji

Nimesalimu amri nusu. Tukichukua nitashangilia, sina unafiki. Ila mkishangilia msisahau kwamba Agosti viungo ni wale wale.

Kuhusu Bilbao: hofu yangu ni wale ndugu wawili, Nico na Iñaki Williams, mmoja kila upande. Mabeki wetu wa pembeni wanapanda, wakipoteza mpira huko juu, wale jamaa wana mita arobaini za kukimbia wakiwa peke yao. Yoro lazima aanze, ndiye pekee nyuma mwenye mbio. Na fainali iko kwao, wale watu watacheza kama wanagombea nyumba ya urithi.

---

BintiMwekundu

Baba anasema redio hakuzima, aliificha. Sijauliza maana yake.

Na Maguire tunampanga wapi?

---

KiungoMkabaji

Beki wa kati mpaka dakika ya 80. Baada ya hapo, straika. Sitanii.