Bunduki ya bolti ya kiwandani, nataka ifike yadi 600 kwa elki, nianze na nini?

MbogaSaba_Boise
Wakuu habari za saa hizi. Niko Boise, Idaho mwaka wa sita sasa, makaratasi yako sawa, kozi ya uwindaji nilimaliza (huku kama umezaliwa kuanzia 1975 bila ile kozi hupewi leseni) na mwaka jana nilipata kulungu mmoja yadi 140 hivi. Mwaka huu nina tagi (kibali) ya elki, yule kulungu mkubwa wa huku. Nimenunua kwa mtu bunduki ya bolti (ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi), inatumia risasi aina ya 7mm Rem Mag, haijaguswa na fundi yeyote, mtutu inchi 26, kitako cha plastiki, jina la kampuni naliacha sitaki kesi. Juu ina skopu (darubini ya kulengea) aliyoifunga mwenyewe wa kwanza.

Shida yangu, nikienda kulenga yadi 100 risasi tatu zinaachana inchi mbili na nusu, siku nyingine tatu kabisa. Mbili za kwanza zinakaa jirani halafu ya tatu inakimbia juu kulia. Jamaa wa kazini, Mmarekani, kaniambia tupa mtutu weka wa kaboni, weka chasisi ya aluminiamu badala ya kitako, weka breki ya kupunguza pigo mdomoni mwa mtutu, yadi 600 utakuwa unachagua mbavu. Nina dola 1,500 ila mama watoto anajua ni 900. Nianze wapi?

JichoLaKwale
Anza kwa mama watoto 😂 ukishindwa hapo hata mtutu wa dhahabu hautakusaidia

Fundi_Nampa
Mkuu niko jirani yako hapo Nampa, nimekaa kwa fundi bunduki miaka minne, kazi yangu kubwa ilikuwa kufagia vumbi la chuma lakini macho sikuyafunga. Mtutu usiuguse kwanza. Risasi ya tatu kukimbia upande uleule kila siku hiyo ni dalili. Mtutu wa 7mm Mag unachemka haraka, na kama kuna mahali unagusana na kitako basi joto na mtikisiko vinausukuma upande mmoja, ndo hiyo juu kulia yako.

Fanya hivi leo hii. Hakikisha haina risasi, toa bolti kabisa weka mezani. Chukua noti ya dola moja, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele urudi nayo nyuma. Inatakiwa iteleze bila kukwama mpaka karibu na pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Ikipita vizuri usishangilie bado, simamisha bunduki kwenye miguu yake miwili ya mbele, egemea kidogo kama unavyoegemea ukipiga, halafu jaribu tena. Vitako vingi vya plastiki vinapinda hapo mbele, noti iliyopita sasa hivi inabanwa. Dawa yake ni msasa umeviringishwa kwenye kipande cha mti mviringo, unakwangua taratibu mpaka pabaki nafasi ya kupitisha kadi ya benki, na mbele ukiona bado panapinda mwambie fundi apaongezee nguvu kwa epoksi, ile gundi ngumu.

La pili ni skrubu mbili za chini zinazoshika bunduki na kitako. Weka kidole pale ncha ya kitako inapokutana na mtutu, nusu kwenye plastiki nusu kwenye chuma, legeza skrubu ya mbele. Ukisikia mtutu unanyanyuka chini ya kidole ujue bunduki ilikuwa imekaa kwa kulazimishwa, imejipinda kama mtu aliyelalia kitanda kibovu. Hapo ndo panapohitaji kulazwa kwenye epoksi na kuwekewa nguzo mbili za aluminiamu skrubu zipite ndani yake ili ukikaza ikaze chuma kwa chuma isibonyeze plastiki. Hii kazi ikifanywa vizuri inaleta tofauti kuliko mtutu mpya uliofungwa kwenye kitako kibovu, na bei yake huwezi kulinganisha, huo wa kaboni na ufundi wake utaimaliza hiyo 1,500 yote.

Ukitaka kuifanya mwenyewe unaweza, lakini paka dawa ya kuzuia kushika kila mahali pa chuma, hata dawa ya viatu inafaa, na vitundu vyote ziba na udongo wa kuchezea watoto. Kuna mzee alituletea bunduki yake imekuwa kitu kimoja na kitako, alisahau kupaka nyuma ya lile jino linalopokea pigo. Tuliilaza kwenye friza usiku kucha chuma kisinyae, asubuhi bosi akaipiga na nyundo ya mpira mara tatu ikatoka na kipande cha plastiki. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye pikapu hataki kuangalia.

Skopu: usimwamini mtu aliyeifunga kabla yako. Toa yote mpaka kwenye bati la chini, safisha mafuta, funga upya kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo walichoandika watengenezaji wa hizo ringi. Ukishaanza kufikiria mbali tafuta bati lenye mteremko wa MOA 20 (MOA ni kipimo cha pembe, moja ni kama inchi moja kwa yadi 100), linakupa nafasi zaidi ya kupandisha, na skopu ambayo ukizungusha kitasa kwenda mibofyo 20 na kuirudisha 20 inarudi palepale. Hiyo ndo pa kumwaga hela.

Triga: hapa naomba unisikilize. Kama ni Remington 700 yenye triga ya X-Mark Pro iliyotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kampuni yenyewe ilitangaza 2014 kwamba zirudishwe maana zinaweza kufyatuka bila kuvutwa, angalia namba yako. Usianze kuzungusha vile viskrubu vya triga ya kiwandani na video za simu. Nunua nyingine kamili, Timney au TriggerTech, afunge fundi, na uzito wa kuivuta usishuke chini ya pauni mbili na nusu, Novemba utakuwa na glavu na vidole havisikii kitu.

BintiUvira
Kaka, mimi niko Twin Falls nawinda na mume wangu, nyama ya mwaka mzima inatoka huko. Fundi kasema yote ila kaacha urefu wa kitako. Mimi ni mfupi, bunduki ya kwanza nilikuwa nanyoosha shingo kama kuku anayetafuta maji ndo nione duara lote kwenye skopu, koti la baridi likiongezeka ndo basi. Tulikata kitako karibu inchi moja, tukaweka mpira mzito nyuma, nikaacha kufumba macho kabla ya mlio. Pima na koti ulilovaa, usipime na fulana.

Na hiyo chasisi, kumbuka Idaho bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa isizidi pauni 16 na kila kitu kilichofungwa juu yake. Hata ikiwa 13 utaijutia kwenye mlima wa pili. Breki inapunguza pigo kweli, lakini mume wangu alipiga moja bila kuziba masikio na mpaka leo sikio la kushoto linalia kama nyenje.

MzeeWaRungwa
Vijana shikamooni mnipe wenyewe. Mimi nimefuata nyayo Rungwa na Selous kabla magoti hayajagoma, wageni walikuja na .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 hiyo, na nyati tulimpiga hatua sitini, sabini. Alikuja mmoja na bunduki ndefu ya vitasa vingi, akampiga pofu mbali sana, mbali kiasi kwamba mlio wa risasi kugonga ulitufikia baadaye. Akampiga tumboni. Tulifuata damu mpaka jua likazama, kesho yake tukampata fisi wameshamaliza. Mgeni analipa tu, lakini mimi ndo niliyekuwa nainama kuangalia majani. Wewe MbogaSaba nani kakwambia elki wako atasimama yadi 600? Mbona usimsogelee?

Fundi_Nampa
Shikamoo mzee. Hesabu inamuunga mkono mzee: bunduki inayotawanya inchi mbili na nusu kwa yadi 100, kwa 600 inatawanya inchi 15 hata mikono yako iwe ya jiwe, na hapo upepo hatujauongeza. Upepo wa maili 10 kwa saa ukipiga ubavuni, yadi 500 risasi inahama zaidi ya futi moja. Tena Boise ni futi 2,700 hivi juu ya bahari, elki yuko futi 7,000, hewa nyepesi, jedwali la kushuka kwa risasi ulilotengeneza uwanjani litakudanganya. Pima mwendo wa risasi kwenye mtutu wako mwenyewe, usichukue namba ya kwenye boksi. Na jaribu risasi za aina tatu nne, mitutu ya kiwandani ya 7mm Mag kwa kawaida mifereji yake ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 9 hadi 9 na nusu, za grein 160 hivi (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) inazipenda, zile ndefu za 180 huenda isizivumilie.

MbogaSaba_Boise
Marahaba sistahili mzee, shikamoo. Wakuu nimerudi, wiki tatu sasa. Noti ilikwama inchi nne tu kutoka mbele, na nilipofungua skopu skrubu ya mbele ya bati ilitoka kwa VIDOLE. Nimekwangua, Fundi kanisaidia kuilaza na epoksi Jumamosi (ahsante sana, supu ilikuwa kidogo kulinganisha na kazi), nikajaribu aina tatu za risasi. Za grein 162 zimenipa inchi moja na robo, na sasa napiga tano, na ile ya tatu haikimbii tena. Mtutu ni uleule.

Halafu nikaenda yadi 400 kwenye bamba la chuma nikiwa na kiburi. Upepo wa mchana huo, nimekosa nne kati ya kumi. Yadi 200 sikosi hata nikipiga nimeinama goti na fimbo. Kwa hiyo msimu huu kikomo changu ni 300, na upepo ukiwa mbaya nasogea.

Triga nimeagiza. Mama watoto kaiona risiti.

JichoLaKwale
😂😂😂 si nilisema