Rekodi ya kura za mbunge tuitafute wapi?

Mkazi wa Jinja: Ndugu zangu, nikitaka kumpima mbunge kwa kura alizopiga bungeni, wala si kwa hotuba za kampeni, nianzie wapi? Namfikiria Robert Kyagulanyi, yaani mwanamuziki Bobi Wine, alipowakilisha jimbo la Kyadondo Mashariki hapa Uganda.

Mwalimu wa Mbale: Upande wa uchaguzi ni rahisi. Mahakama ilibatilisha ushindi wa Apollo Kantinti wa chama cha upinzani cha FDC katika jimbo hilo, na katika uchaguzi mdogo wa Juni 2017 Kyagulanyi, mgombea binafsi, alipata kura 25,659 dhidi ya 4,556 za Sitenda Sebalu wa chama tawala cha NRM. Mwaka 2021 aligombea urais.

Msomaji wa Arua: Kura za bungeni ndizo ngumu, ndugu, kwa kuwa maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti za pamoja, na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, haionyeshi nani alisema ndiyo. Hali ilikuwa tofauti Desemba 2017, wabunge walipoitwa mmoja mmoja kwa majina na zaidi ya 300 wakaunga mkono kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais, jambo ambalo Kyagulanyi alilipinga waziwazi. Kwa maoni yangu, mpiga kura anastahili orodha kama ile kwa kila muswada mzito, ukiwemo wa bajeti.