Mrejesho: Wiki mbili za kwanza za masomo ugenini

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza nifanyeje: usiku macho makavu, darasani nasinzia, na mhadhiri simwelewi. Nawashukuru sana mlionijibu. Usingizi umerudi. Aliyeniambia nitoke nje asubuhi nipate mwanga wa jua alisema kweli. Ukihamia nchi yenye majira tofauti, saa ya mwili (mpangilio wa ndani wa kulala na kuamka) husogea taratibu kuyafuata, takriban saa 1 kwa siku, nami nilikuwa naivuruga zaidi kwa kulala mchana. Mihadhara bado inanipita nusu, ila sasa nasoma sura husika kabla ya kipindi, na nilipomfuata mhadhiri ofisini aliniruhusu kurekodi. Upweke wa jioni, huo haujaisha. Lakini jana jirani wa chumba cha pili alinigongea mlango, tukapika pamoja.