Naomba ushauri: chizikeki ya machungwa yenye pombe, niko Kigoma

Wakuu habari zenu, niko Kigoma mjini, Mwanga huku. Dada yangu ana sendofu mwezi ujao na kanichagulia chizikeki ya machungwa yenye pombe ndani, sasa mapishi niliyonayo yanataka Cointreau, ile pombe tamu ya machungwa ya Ufaransa yenye kilevi asilimia 40, huku sijaiona dukani na nikiagiza Dar kwa bei ile bora ninunulie ukoo mzima migebuka. Nawaza niloweke maganda ya machungwa kwenye Konyagi na sukari wiki mbili hivi, ile rangi ya juu tu maana weupe wa ndani unaleta uchungu. Ladha itakuja kweli au itabaki harufu ya Konyagi?

Ishu kubwa lakini ni krimu chizi, hapa kuipata ni bahati nasibu. Nataka nichuje mtindi kwa kitambaa usiku kucha kwenye friji uwe mzito, ila naogopa uchachu, mtindi mchachu na juisi ya chungwa juu yake si itakatika hata kabla haijaiva? Au juisi niache kabisa nikwaruze maganda tu? Na konflawa mnaweka kiasi gani kwa kilo ya mtindi uliochujwa?

Oveni ni ya umeme, nitaweka 160 na trei ya maji moto chini. Umeme ukikata katikati naiacha humohumo bila kufungua au nawahi mkaa?

Wasiokunywa nitawafanyia yao ya limao na asali ya Tabora, so msiniambie pombe inaisha yote kwenye oveni, haiishi.