Naomba ushauri: hasi mara hasi, nimweleweshe vipi mtoto?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa hisabati.

Binti yangu yuko darasa la sita. Sehemu hazimsumbui: 1/2 + 1/3 anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), anapata 5/6. Kinachomliza ni namba hasi. Kujumlisha tulivuka kwa mstari wa namba. Kutoa nikatumia deni: ukidaiwa shilingi 600 dukani kisha ukafutiwa, ni sawa na kuongezewa 600. Alielewa papo hapo, nikafurahi sana.

Tumekwama kwenye kuzidisha. 4 × (−3) anaona ni madeni manne ya tatu tatu, yaani −12. Lakini (−4) × (−3) anajibu −12 vilevile. Nikimwambia hasi mara hasi ni chanya anauliza kwa nini, nami nilikaririshwa tu. Sitaki naye akariri, maana tayari kanuni hiyo anaihamishia kwenye kujumlisha: −4 + (−3) anaandika 7!

Jana nimejaribu mfuatano: 2 × (−3) = −6, 1 × (−3) = −3, 0 × (−3) = 0. Majibu yanapanda kwa 3, kwa hiyo (−1) × (−3) lazima iwe 3. Aliandika, ila usoni niliona hajaridhika.

Je, kuna mfano wa maisha ya kila siku unaoonyesha hasi mara hasi, ambao mtoto wa miaka 12 ataushika? Na nifanyeje asichanganye kanuni ya kuzidisha na ya kujumlisha?

Natanguliza shukrani.