Uwanja wa Lake Tanganyika: manispaa itie hela wakati mwenye uwanja ni chama?

Mwana wa Mwanga
Wakuu, naleta hoja na naomba tuijadili kwa akili. Kila msimu ukikaribia wimbo ni uleule: Lake Tanganyika imechoka, ikarabatiwe, tupate majukwaa, vyoo na nyasi za maana ili mechi kubwa zije Kigoma. Nakubaliana na wimbo huo. Julai 2021 tulipewa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, na kila mtu aliona mji ulivyochangamka.

Swali langu liko kwingine. Uwanja ni wa CCM. Manispaa ya Kigoma Ujiji ikichota mapato yake ya ndani, ushuru wa dagaa, wa mawese, wa vibanda vya sokoni, ikajenga jukwaa kwenye kiwanja cha chama, kesho jukwaa ni la nani? Msimamo wangu: kwanza manispaa ipewe uwanja, au isainiwe mkataba wa kupanga wa miaka mingi, ndipo tununue saruji. Ikishindikana, tutafute eneo tujenge wetu.

Mnyamwezi wa Isevya
Salamu kutoka Tabora. Kabla hamjagombania hati, jiulizeni mnamjengea nani. Ile fainali ilijaa kwa sababu ya Simba na Yanga. Wakiondoka hao, watu wa Kigoma hamwendi uwanjani. Mashujaa, timu yenu ya Ligi Kuu, wakicheza na timu ya katikati ya msimamo, sisi kwenye televisheni tunaona zege tupu la majukwaa.

Mvuvi wa Kibirizi
Wewe Mnyamwezi koma kabisa. Hatuendi uwanjani? Aprili 2024 Simba alikuja hapahapa kwenye Shirikisho, sare ya 1-1, tukamtoa kwa penalti 6-5. Zile kelele zilitoka kwenye zege?

Mnyamwezi wa Isevya
Mfano uliotoa ni wa Simba tena. Nitajie mechi nyingine.

Mvuvi wa Kibirizi
Ninyi mna timu gani ya kutufundisha ushabiki? Ilikuja kwenu ikiitwa Kitayosce, ikawa Tabora United, leo ni TRA United. Mtu anakwenda kulala hajui kesho ataamka anashabikia jina gani.

Mnyamwezi wa Isevya
Jina lolote, Novemba 2024 tulimfunga Yanga 3-1 palepale Chamazi na kocha wake hakumaliza mwezi. Kasome.

Mwana wa Mwanga
Jamani, uwanja.

Ujiji Asilia
Mimi naona mnasahau kwamba mji huu umeshadhihirisha unaweza kubeba mechi kubwa. Fainali ya 2021 Simba alishinda 2-0, Mugalu alifunga moja, na hakuna aliyelalamika kuhusu uwanja.

Jangwani Damu
2-0 ya wapi? Ilikuwa 1-0, Taddeo Lwanga, kichwa cha kona, dakika zimebaki kama kumi. Na tulikuwa pungufu, Mukoko alishapewa nyekundu kipindi cha kwanza. Msituongezee magoli.

Ujiji Asilia
Kombe lilikwenda kwa nani?

Jangwani Damu
Kwa watu waliocheza kumi na moja dhidi ya kumi.

Ujiji Asilia
Kiwiko alichompiga Bocco alitumwa na nani?

Fundi Kipimo
Nimesubiri muongee mpira mmalize, naona hammalizi, basi naingia hivyohivyo. Mimi ni mtu wa ujenzi. Mnaposema "ukarabati" wengi mnawaza rangi, viti vya plastiki na paa la jukwaa kuu. Hivyo ndivyo vinavyoonekana siku ya ufunguzi. Uwanja unafia chini ya nyasi. Ligi inaanza Agosti na inamalizika Mei au Juni, maana yake miezi mikubwa ya mechi ndiyo miezi ya mvua za Kigoma. Kama chini hakuna tabaka la kokoto na mchanga lililopangwa, pamoja na mabomba ya kutoa maji, utapanda nyasi nzuri Julai na Januari unacheza kwenye tope. Halafu katikati ya wiki mnaingiza mkutano wa hadhara na tamasha la muziki, magari yanapita juu ya nyasi kushusha jukwaa na spika. Udongo unashindiliwa, maji hayashuki tena.

Wapo watakaosema tuweke nyasi bandia kama Kaitaba ya Bukoba au Nyamagana ya Mwanza. Ni njia nzuri kwa mji wa mvua nyingi, kwa sababu unaweza kucheza kila siku, watoto asubuhi, ligi jioni. Lakini zulia lile lina umri wake, miaka minane hadi kumi linatakiwa libadilishwe, na kila wakati linahitaji kusuguliwa na kuongezwa chembechembe. Kama bajeti ni ya kuzindua tu na hakuna fungu la kutunza, msianze.

Na angalieni: Kaitaba na Nyamagana ni vya manispaa na jiji, si vya chama. Hapo ndipo hoja ya ndugu yetu wa Mwanga inapokuwa na uzito.

Mvuvi wa Kibirizi
Fundi, kwa hiyo unakubaliana na Mnyamwezi kwamba hatuendi uwanjani?

Fundi Kipimo
Hilo sijaligusa hata kidogo.

Muha wa Buhigwe
Mwakeye nyote. Naomba mnisikilize kwa dakika moja. Mnavutana kuhusu Simba na Yanga kana kwamba mechi kubwa zinatoka Dar es Salaam peke yake. Juni 2022 Burundi walicheza na Cameroon kufuzu AFCON. Burundi ndio waliokuwa nyumbani. Nyumbani kwao kulikuwa wapi? Kwa Mkapa, Dar es Salaam, kwa sababu CAF, shirikisho la soka Afrika, iliona uwanja wa Bujumbura haufai. Mrundi wa Bujumbura aliyetaka kuiona timu yake ya taifa alivuka nchi nzima yetu mpaka baharini. Sisi tuko hapa, mpaka uko Manyovu, ziwa ni moja, ndugu ni walewale. Kigoma ingekuwa na uwanja wenye sifa, ile mechi ingekuwa yetu. Ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie na Uvira pia. Soko letu la mpira liko magharibi na kaskazini, na hatuliangalii.

Mnyamwezi wa Isevya
CAF hawakagui nyasi tu, wanakagua hoteli. Mtawalaza Cameroon wapi?

Muha wa Buhigwe
Hoteli hufuata wageni. Na uwanja wa ndege upo, reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Jibu hoja ya Burundi.

Ujiji Asilia
Mimi kuna jambo linaniuma zaidi kuliko hayo yote. Arusha kuna uwanja unaitwa Sheikh Amri Abeid. Mnajua alikuwa nani? Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji. Mtoto wa Ujiji, mshairi mkubwa, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, waziri wa sheria, akafariki 1964. Arusha wamemtukuza, na sisi uwanja wetu tumeupa jina la maji. Ukarabati wowote uanze na kurudisha jina nyumbani.

Mwana wa Mwanga
Jina halizuii mvua, ndugu yangu. Huyo mzee namheshimu kuliko unavyodhani, lakini tunazungumzia fedha.

Ujiji Asilia
Watu wa Mwanga ndio tabia yenu. Kitu kikiwa cha Ujiji hakina maana. Mji huu jina lake ni Kigoma Ujiji, lakini kila kinachojengwa kinawekwa kwenu.

Mwana wa Mwanga
Sasa Mwanga imeingiaje hapa?

Ujiji Asilia
Umeileta wewe kwenye jina lako.

Jangwani Damu
Ujiji ilitoa wachezaji kabla Mwanga haijajua kufunga kamba za viatu. Kina Manara walitoka wapi? Hata Kaseja ni wa mkoa huu. Mpira wa Tanzania una deni Kigoma, na deni hilo lilipwe kwa uwanja.

Mvuvi wa Kibirizi
Hapo nakuunga mkono ingawa wewe ni Utopolo, mtu wa Yanga.

Mama Lishe Gungu
Wanangu, mimi mpira wenyewe siujui sana, lakini siku ya mechi naijua. Siku ya mechi nauza ugali na migebuka mpaka sufuria linabaki tupu. Bodaboda wanapata, mwenye maji anapata, muuza jezi anapata. Kwa hiyo uwanja utengenezwe, mimi nautaka. Lakini nina swali. Zamani nilikaa mji mwingine, wakakarabati uwanja, wakazungusha ukuta mzuri, kisha sisi wa vibanda tukaambiwa tuondoke, ndani kukawekwa maduka ya kodi kubwa. Hapa mama lishe mtatuweka wapi? Naomba jibu kwa mtu anayejua.

Afande Mstaafu
Nimevumilia tangu juu huko. Nani kasema Mashujaa hawana mashabiki? Ile ni timu ya jeshi, imepanda kwa jasho, iliwatoa Mbeya City kwenye mchujo 2023 ikaingia Ligi Kuu. Kabla ya hapo mlikuwa mnaangalia Ligi Kuu kwenye vibanda umiza. Heshima iwepo.

Mnyamwezi wa Isevya
Afande, shikamoo. Kwa heshima zote, timu ya jeshi ina mwajiri, haina mji. Kesho ikihamishiwa mkoa mwingine, uwanja mtamkarabatia nani?

Afande Mstaafu
Marahaba. Hiyo ya kuhamishwa nani kakuambia?

Mnyamwezi wa Isevya
Nasema "ikihamishwa".

Afande Mstaafu
Basi usiseme usichokijua.

Mvuvi wa Kibirizi
Anaongea hivyo mtu ambaye timu yake imehamishwa jina mbele ya macho yake!

Mwana wa Mwanga
Narudi kwenye hati maana naona tunaikimbia. Viwanja hivi vingi vilijengwa enzi za chama kimoja. Wazee wetu walichanga, walikatwa, walijitolea kubeba mawe. Wakati huo chama na serikali ni kitu kimoja, hakuna aliyeuliza risiti. 1992 vyama vingi vikaja, viwanja vikabaki upande mmoja. Kirumba, Sokoine, Jamhuri ya Morogoro, Majimaji, Kambarage, orodha ni ndefu. Leo mkaguzi wa hesabu akikuta manispaa imemwaga mamilioni kwenye mali isiyo yake, atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hili silisemi kwa chuki ya chama. Ningelisema hivihivi kama uwanja ungekuwa wa chama kingine au wa mfanyabiashara.

Na kuna mifano ya njia nyingine. Kinondoni wana uwanja wao pale Mwenge, KMC Complex, mpaka Simba wakaenda kuutumia. Singida Black Stars wamejenga wao. Azam walijenga Chamazi tangu zamani.

Mwanachama Hai
Nilijua tutafika hapa. Chama kimevitunza viwanja hivyo miaka yote wakati halmashauri zenu zimeshindwa hata kutunza stendi. Mngepewa 1992 leo pangekuwa na viwanja vya nyumba pale, vimeuzwa kwa madiwani. Mshukuruni aliyewahifadhia.

Mwana wa Mwanga
Kama vimetunzwa, tunakarabati nini?

Mwanachama Hai
Kila kitu huchakaa. Hata nyumba yako.

Mwana wa Mwanga
Nyumba yangu nakarabati kwa hela yangu.

Jangwani Damu
Hapo goli.

Dada wa Katubuka
Na hizo hela za manispaa mnazozigawa, mmekumbuka asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu? Ile 4-4-2, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ndiyo mfumo pekee wa mpira unaonihusu. Kuna akina mama wanasubiri kikundi chao kipate mtaji. Mkianza kumwaga zege mtasema fungu limeisha.

Fundi Kipimo
Dada, hiyo 10 iko kwenye sheria, haiguswi. Uwanja ungetoka kwenye fungu la maendeleo.

Dada wa Katubuka
Kaka, mimi naongelea inavyokuwa. Sheria naijua.

Fundi Kipimo
Nimekuelewa. Basi nishauri hivi: kwa kuwa hela ni chache, ukarabati uende kwa awamu, na awamu ya kwanza iwe ile isiyopigwa picha. Mitaro, mabomba, nyasi, vyoo vya mzunguko, na milango ya kutokea watu wakati wa taharuki. Jukwaa kuu la wakubwa liwe la mwisho. Mkataba wa kupanga utangulie, na ndani yake iandikwe nani anaruhusu mikutano na matamasha juu ya nyasi.

Mwanachama Hai
Huwezi kumpangia mwenye mali.

Fundi Kipimo
Basi mwenye mali asimwombe mpangaji saruji.

Mnyamwezi wa Isevya
Hapo Fundi nakupa mkono, na nasema bila utani. Ali Hassan Mwinyi wa kwetu una mwenye hati huyohuyo na maneno ni hayahaya. Mkiupata huo mkataba, tuleteeni nakala Tabora.

Mvuvi wa Kibirizi
Nakala mtapata. Na mkija kuichukua njooni siku Mashujaa wanacheza na timu ya kawaida, mhesabu watu wenyewe.

Mama Lishe Gungu
Na vibanda je? Nimeuliza, mkajibizana kuhusu jeshi.